Insha Mbili za Nyumba Moja

Mwalimu Arcade alipigilia karatasi ya manila ukutani kwa misumari minne, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama imenyooka, kisha akawageukia wanafunzi wake wa alasiri, watu wazima waliorudi shule. Walikuwa kumi na mmoja. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka ishirini, mkubwa kuliko wote alikuwa na wajukuu.

"Hizi ndizo sheria za darasa la fasihi," alisema. "Asubuhi nimewasomea kidato cha tatu, sasa nawasomea nyie. Hakuna sheria za watoto na sheria za watu wazima. Ni hizi hizi."

Pelagia, mkulima wa mpunga wa hapo hapo Kibaoni na mama wa watoto wanne, alikuwa amekaa dawati la mbele, magoti yamebanwa na ubao kwa sababu dawati lilichongwa kwa miguu ya mtoto. Alifungua daftari jipya, akaandika tarehe, akaipigia mstari kwa rula. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili akiwa na mimba ya Mariana, na Mariana huyo huyo asubuhi alikuwa amekaa kwenye chumba hicho hicho, pengine kwenye dawati hilo hilo. Katika miaka yote ya katikati Pelagia alikuwa amepewa sheria za kila namna, za shambani, za ukweni, za kanisani, lakini hakuna aliyempa sheria za kusoma hadithi.

Mwalimu alisoma akifuatisha maneno kwa kijiti. Kitabu kisomwe chote. Muhtasari wa kwenye simu hauingii mlangoni. Kazi ikichelewa siku moja, alama tano zimekwenda. Anayesoma kwa sauti hachekwi, hata akikwama. Hapo alishusha kijiti. Yeye alikulia Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, nyumbani wakiongea Kirundi, na alipoanza shule wenzake walimcheka matamshi mpaka akawa anajibu maswali kwa kutikisa kichwa. Kisha akaendelea: insha iandikwe kwa mkono wako na kwa akili yako. Atakayenakili, sifuri. Atakayempa mwenzake anakili, naye sifuri. Na mtu yeyote anaweza kuitwa mbele kuitetea kazi yake bila kushika daftari.

"Mwalimu, kwani hizo kazi ni ngapi?" aliuliza Selestine, dereva wa bodaboda, ambaye kofia yake ngumu ilikuwa imekaa kwenye dawati kama mwanafunzi wa kumi na mbili.

"Insha tatu, na kusoma mbele mara mbili. Asiyefikisha nusu ya alama, kituo chetu hiki cha watu wazima hakimpeleki kwenye mtihani. Nasema mapema, mtu asije akanililia."

Wengine waliguna. Selestine alishika kichwa. Pelagia aliandika yote, neno kwa neno, na alipofika mwisho aligundua kwamba alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu aliyepokea barua.

*

Kitabu kilikuwa kimoja kwa nyumba. Mwalimu Arcade alivigawa hivyo kwa sababu havikutosha, na kwa akina Pelagia kitabu kilikuwa cha Mariana kuanzia jioni, cha mama yake kuanzia alfajiri. Ilikuwa riwaya ya kurasa mia na sitini, jalada limebanwa kwa gundi ya karatasi, hadithi ya mwanamke aitwaye Sikitu aliyekuwa mpima pamba kwenye kituo cha kununulia mazao. Kufika sura ya pili Sikitu anagundua kwamba mizani imechezewa na wakulima wanapunjwa. Aliyeichezea ni kaka yake wa kuzaliwa naye. Na Sikitu ananyamaza, miaka kumi na miwili.

Mpunga ulikuwa umetoa masuke na ndege walikuwa wameanza kushuka makundi kwa makundi. Pelagia alishinda shambani juu ya dungu, jukwaa la miti, akiamia ndege. Mkono mmoja ulishika kamba iliyofungwa makopo, mwingine ulishika kitabu. Ilikuwa vigumu kusema ni kipi kilichowafukuza ndege zaidi, makopo au sauti yake, maana alisoma kwa nguvu, na Sikitu alipofanya jambo lisilompendeza alimgombeza.

"Sema, mwanamke! Mbona husemi?"

Wanawake wa shamba la jirani walisimama, mikono viunoni.

"Mama Mariana, unagombana na nani huko juu?"

"Na Sikitu!"

"Ndio nani?"

"Njooni niwasomee!"

Walicheka, wakarudi kwenye kazi yao. Lakini kesho yake mmoja wao alipiga kelele kutoka ng'ambo ya mfereji: "Yule wa pamba amesema?" Pelagia akajibu kwamba bado, na alijisikia kama mtu mwenye habari za mjini ambazo wengine wanazingoja.

Swali la insha ya kwanza lilikuwa fupi: Je, Sikitu ni mwoga au ni jasiri? Kidato cha tatu walitakiwa kukusanya Jumatatu, darasa la alasiri Ijumaa yake. Pelagia aliandika siku sita. Alifuta, akaandika, akachana ukurasa, akaandika tena. Siku ya tano, akiwa anakoroga uji wa watoto asubuhi, sentensi ilimjia nzima nzima, akaacha mwiko ndani ya sufuria akakimbilia daftari lililokuwa juu ya mfuko wa mbegu. Uji uliungua. Makarius, mumewe, aliuonja na kuuliza kama huo nao ni kazi ya mwalimu.

*

Jumatano Mariana alirudi nyumbani saa nane mchana akiwa amebeba habari kubwa. Insha yake ilikuwa imechaguliwa kuliko zote za kidato cha tatu. Ingepelekwa Mpanda mjini, kwenye shindano la shule za mkoa, na yeye mwenyewe angekwenda kuisoma jukwaani, katika ukumbi mmoja wa kata ya Kashaulili, mbele ya wageni.

"Wewe?" Makarius alisimama na jembe mkononi. "Wewe huyu?"

"Ndiyo, baba."

Makarius aliangusha jembe, akamshika bintiye mabega, akamtikisa kama mti wa mapera. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwa miezi miwili alikuwa amevumilia maswali ya wenzake sokoni, kama mkewe atavaa sare, kama atachapwa akichelewa, na hakuwa na la kuwajibu. Sasa alikuwa na jibu. Alitoka hapo hapo bila kunawa miguu, na kabla jua halijazama wauza mchele wote wa Kibaoni walikuwa wanajua kwamba mtoto wa Makarius anakwenda Mpanda kusoma insha.

Pelagia alikuwa amepiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. "Nisomee," alimwambia Mariana. "Hata mwanzo tu."

"Ipo shuleni, mama."

"Basi niambie kwa mdomo. Umesema mwoga au jasiri?"

"Jasiri." Mariana aliinama kufungua kamba za viatu, akakaa nazo muda mrefu kuliko zilivyohitaji. "Utaisikia siku yenyewe."

*

Jumanne iliyofuata mwanafunzi mmoja alikuja kumwita Pelagia ofisini kwa walimu. Alikwenda haraka, akijua ni kuhusu alama, na njiani alijaribu kujizuia asitegemee zaidi ya hamsini.

Mwalimu Arcade alikuwa ameweka karatasi mbili mezani, sambamba. Hakumkaribisha kiti. Walimu wengine wawili walikuwa wanakunywa chai, na yule mwanafunzi aliyetumwa alibaki mlangoni, akijifanya anahesabu chaki.

"Mama, soma hapa," mwalimu alisema, akiweka kidole. "Halafu hapa."

Karatasi ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe. *Kunyamaza kwa Sikitu ni kama kunyamaza kwa mtu aliyebeba sufuria ya uji wa moto katikati ya watoto: hapigi kelele, anatafuta pa kuitua.* Ya pili ilikuwa na mwandiko mzuri wa mviringo ambao Pelagia aliujua tangu ulipokuwa vijiti. Sentensi ilikuwa ile ile. Na iliyofuata. Na aya yote baada yake.

"Hii sentensi umeitoa wapi?" mwalimu aliuliza.

Pelagia alisikia masikio yanamwaka moto. "Nyumbani, mwalimu."

"Nyumbani. Kwenye daftari la mtoto?"

Pelagia aliutazama tena ule mwandiko wa mviringo.

"Mama, mimi nakuheshimu. Una shamba, una familia, najua muda huna. Lakini hii ya Mariana niliipokea Jumatatu, yako imefika Ijumaa." Alishusha sauti, na kwa kuishusha akafanya walimu wa kwenye chai wainue vichwa. "Mwanao ameandika kitu ambacho sijawahi kukiona katika shule hii. Usimchafulie. Ijumaa nina kikao cha kutetea insha, madarasa yote mawili. Utasimama. Ukishindwa kuitetea, nitalitoa jina lako kwenye orodha ya mtihani."

Mwalimu mmoja alikohoa ndani ya kikombe. Pelagia alisema, "Sawa, mwalimu," akatoka. Yule mwanafunzi wa mlangoni alimpisha kwa adabu nyingi mno, na Pelagia alipofika barabarani alikuwa anajua kwamba habari hiyo ingemtangulia kufika sokoni.

*

Mariana alikuwa jikoni anapepeta mchele. Alimwona mama yake amesimama mlangoni bila kuvua kandambili, akaacha kupepeta.

"Ulisoma daftari langu," Pelagia alisema.

"Mama..."

"Nijibu."

"Lilikuwa wazi juu ya mfuko." Machozi yalikuwa yameshafika. "Mimi nilikuwa nimeandika nusu ukurasa tu, na kesho yake ni kukusanya. Nikasoma yako. Nikasema nitaangalia tu ulivyoanza. Halafu ikawa kama... nikishaisoma siwezi kuwaza kitu kingine. Nilidhani utaibadilisha, mama. Wewe kila siku unachana kurasa!"

Pelagia alikaa juu ya kigoda. Hasira ilikuwepo, kubwa tu, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho alikionea aibu kukitazama: furaha. Insha iliyokuwa inakwenda Mpanda, ile ambayo mwalimu hajawahi kuona mfano wake katika shule hiyo, ilikuwa yake.

"Anadhani mimi ndiye nilinakili," alisema.

Mariana alipiga magoti pale pale kwenye makapi. "Mama, wakijua ni mimi, siendi. Nitaitwa mbele ya shule nzima. Na baba ameshawaambia watu wote, mpaka padre. Mama, nisaidie. Wewe unaweza kurudia mwakani. Wewe..." Hakumaliza, lakini Pelagia alimmalizia moyoni: wewe ni mtu mzima, kwako si kitu.

Makarius aliingia wakati huo, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa ametokea sokoni.

"Ni kweli?" alimwuliza mkewe. "Umeandika ya mtoto?"

Pelagia alimtazama Mariana. Mariana alitazama ungo.

"Ni kweli," Pelagia alisema.

Makarius alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Basi uache. Nakuomba, sikufokei. Wananiuliza nje kama usiku unamwibia mtoto akili. Mwache mwenzio aende na yake safi."

Pelagia alichukua ungo kutoka mikononi mwa bintiye, akaanza kupepeta.

*

Ijumaa chumba kilijaa. Kidato cha tatu walikuwa wamebaki baada ya masomo, wamebanana watatu watatu, na wa alasiri walikaa mbele. Mariana alikuwa mstari wa nyuma karibu na dirisha. Pelagia alikuwa ameshapanga. Angesimama, angegugumia maneno mawili, angesema amesahau, angeketi. Dakika tatu na aibu ingekwisha. Alikuwa amejifunza hata jinsi ya kutazama chini.

Deogratias wa kidato cha tatu alianza, akatetea vizuri. Kisha Selestine akaitwa. Alisimama, akaweka kofia yake kwapani.

"Mimi nimeandika Sikitu ni mwoga," alisema. "Sina maneno mengi. Aliogopa kufukuzwa kazi, basi. Mtu anaona wenzake wanaibiwa miaka kumi na miwili, na yeye anakula mshahara. Huyo ni mwoga, na ni mwizi vilevile."

Vijana walipiga makofi. Mwalimu Arcade akaandika kitu. "Asante. Mama Pelagia, njoo. Unajibu nini?"

Pelagia alisimama mbele, akatazama chini kama alivyopanga. "Mimi... nimesahau, mwalimu."

"Huna la kusema kuhusu Sikitu?"

"Sina."

"Unakubaliana na Selestine, basi. Kwamba ni mwoga na mwizi."

Pelagia alitaka kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja, na baada yake angerudi kwenye dawati. Lakini alikuwa ameishi na huyo mwanamke wiki tatu juu ya dungu, alikuwa amemgombeza na kumwombea, na sasa alikuwa anaulizwa mbele ya watu kama ni mwizi.

"Selestine," alisema, na kichwa kikainuka chenyewe. "Umefika ukurasa wa ngapi?"

Selestine alijikuna shingo. "Kama... wa sabini hivi."

"Basi humjui!" Darasa likaangua kicheko, lakini Pelagia alikuwa ameshashika kasi. "Ukurasa wa tisini yule mwanamke anataja majina. Jioni, akioga, anataja jina la kila mkulima aliyepunjwa siku ile na kilo zake. Mwoga hahifadhi majina! Mwoga anasahau, ndiyo raha yake. Na mshahara unaosema anakula, anampa nani? Wale watoto sita wa kaka yake, si wanakula kwake? Akisema leo, kaka anafungwa, watoto wanakwenda wapi? Aliwangoja wakue! Yule wa mwisho alipopata kazi, ilichukua siku ngapi? Siku mbili! Siku mbili tu, akaipindua mizani mbele ya wanunuzi!"

"Usimwambie mwisho!" mtu alipiga kelele.

"Amalize kusoma, sheria ya kwanza ile pale ukutani!" Pelagia alijibu.

Sasa hata Selestine alikuwa anacheka, na Mwalimu Arcade alikuwa ameacha kuandika. Alisogea mpaka ukingo wa meza. "Na ile sufuria, mama? Uji wa moto na watoto. Eleza hiyo."

"Hiyo niliibeba mimi," Pelagia alisema. Alikuwa na joto mwili mzima na maneno yalikuja yenyewe. "Kwenye msiba wa mama mkwe wangu. Watoto wametapakaa kila mahali, na mimi nimetoka jikoni na sufuria. Ukipiga kelele 'ondokeni', wanashtuka, wanakimbilia miguuni kwako. Nilinyamaza. Mikono inaungua, watu wananiambia mbona unazubaa, na mimi natafuta tu pa kuitua. Nina alama hapa." Alionyesha kiganja. "Nilipofika kwa Sikitu nikasema, ah, huyu namfahamu."

Hakuna aliyepiga makofi. Macho yote yalikuwa kwenye kiganja kile, na hapo Pelagia alielewa alichokifanya. Alitafuta dirisha la nyuma. Mariana alikuwa ameweka uso kwenye viganja.

"Lakini..." Pelagia alirudi nyuma hatua moja, sauti imeshuka. "Lakini kuandika ameandika mtoto, mwalimu. Mimi nilimsimulia tu. Yeye ndiye aliyeandika, mimi nikanakili."

"Umenakili?"

"Ndiyo."

"Hapana."

Kiti kilisukumwa huko nyuma. Mariana alikuwa amesimama.

"Hapana, mwalimu. Mama anadanganya. Hakunisimulia chochote. Ni mimi nilichukua kwenye daftari lake, hakujua. Alijua ulipomwita. Mimi hata hicho kitabu nilikuwa nimefika ukurasa wa hamsini."

*

Mwalimu Arcade alifunika kalamu yake. Kisha alisema kwamba sheria ni ile ile, ya watoto na ya wakubwa. Mariana alipata sifuri. Mpanda angekwenda Deogratias. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, na Mariana aliitikia "ndiyo, mwalimu" mara mbili, ya pili haikusikika.

"Na wewe, mama, umenidanganya mbele ya darasa langu," aliendelea. "Nimetazama pale ukutani, sina sheria ya mtu anayejisingizia. Itabidi niiongeze." Vicheko vichache vilitokea, vya wasiwasi. Yeye hakucheka. "Lakini kwanza nina langu. Nilipoweka karatasi mbili mezani, niliangalia umri wenu, sikuangalia maneno. Nikaamua mwenye kuweza ni mtoto, na mwenye kuiba ni mama. Nilikuita ofisini, nikakusimamisha mbele ya watu. Mimi ambaye nilichekwa nikiwa mdogo. Naomba unisamehe, na naomba hapa hapa, maana kule nilikuaibisha mbele ya walimu wenzangu, na Jumatatu nitawaambia na wao."

Pelagia hakujua mikono aiweke wapi. "Nimekusamehe, mwalimu," alisema. Halafu, kwa sababu hakuweza kujizuia: "Nimepata ngapi?"

"Themanini na moja."

Darasa la alasiri lililipuka. Selestine alirusha kofia yake juu, ikagonga dari, ikashuka na vumbi la mchwa. Mama mwenye wajukuu alipiga kigelegele, na vijana wa kidato cha tatu, ambao dakika chache zilizopita walikuwa hawajui watazame wapi, walijiunga. Pelagia alisimama katikati ya kelele hizo akicheka na kulia, na macho yake yalikuwa kwa mtoto mmoja tu ambaye alikuwa anakusanya madaftari yake taratibu.

Walirudi nyumbani kwa njia moja, Mariana akiwa hatua kumi nyuma. Pelagia hakumwita, wala hakuongeza mwendo.

Makarius aliisikia habari hiyo kwa kinywa cha bintiye mwenyewe, kwa sababu Pelagia alikataa kumsemea. Alisikiliza akiwa amesimama. Hakufoka. Alikwenda akakaa nyuma ya nyumba mpaka chakula kikapoa, na aliporudi alimwuliza mkewe swali moja.

"Kwa hiyo ile nzuri ni ya kwako."

"Ni ya kwangu."

"Na mimi nikakwambia uache."

"Uliniomba. Hukunifokea."

Makarius alikubali kwa kichwa, kama mtu anayepokea mzigo aliostahili. Asubuhi alivaa shati safi, akaenda sokoni kwa wale wale aliowatangazia. Wauza mchele walimngoja kwa vicheko vilivyoandaliwa. "Niliwaambia mtu wa nyumbani kwangu ameandika insha kuliko zote," aliwaambia. "Nilipatia nyumba. Nilikosea mtu." Akanunua chumvi aliyotumwa, akaondoka kabla hawajapata la kujibu.

*

Insha ya pili ilikuwa na swali la kuchagua mwenyewe. Kwa wiki mbili nyumba ile iligombea kitabu. Mariana hakuongea sana. Siku gari lililomchukua Deogratias lilipopita kuelekea Mpanda, alikuwa kisimani, akageuza uso upande wa mashamba mpaka vumbi likatulia. Lakini alikisoma kitabu chote, na alipofika mwisho akarudi mwanzo, na kuna asubuhi moja Pelagia aliamka alfajiri kukichukua akakuta kimeshachukuliwa.

Jumapili, baada ya misa, Pelagia alikuwa anamenya viazi uani, Makarius ametandika mkeka kivulini mwa ukuta. Mariana alitoka ndani na karatasi nne zilizobanwa kwa pini. Alizishika mbele ya mama yake kwa mkono ulionyooka, kama mtu anayelisha mbwa asiyemjua.

"Nakusanya kesho," alisema. "Nataka uisome kwanza."

Pelagia alifuta mikono kwenye khanga. Alisoma sentensi ya kwanza kwa sauti, polepole.

"'Mama yangu anasema Sikitu ni jasiri. Mimi nimesoma kitabu mara mbili, na naona mama yangu anamwonea huruma.'" Alirudia kwa macho. "Mimi?"

"Endelea."

Aliendelea. Mariana alikuwa ameandika kwamba watoto sita wa kaka walilindwa, lakini wakulima nao walikuwa na watoto, na hao hakuna aliyewangojea wakue. Alikuwa ametaja mkulima mmoja wa sura ya saba, aliyemtoa binti yake shule kwa sababu pamba haikufika uzito, mtu wa mistari mitatu tu, ambaye Pelagia alikuwa amempita bila kumwona. Mwandiko ulikuwa umekatwakatwa na kufutwa. Aya ya tatu ilikuwa na makosa. Hakuna hata neno moja lililokuwa la Pelagia.

"Huyu wa sura ya saba," alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Huyu umemtoa wapi?"

"Yupo. Ukurasa wa mia na nne."

"Lete kitabu."

Mariana alikileta kikiwa wazi. "Unaona sasa? Yupo."

"Yupo, lakini hapa umekosea! Sikitu angemjuaje binti wa mtu huyo? Hakuambiwa!"

"Aliyepima pamba ni nani, mama? Si yeye? Uzito si aliuona?"

Pelagia alimtazama bintiye, aliyekuwa amesimama mbele yake na macho makavu, kidevu kimeinuka, tayari kwa lolote, na moyo wake ukaenda mbio kama siku ile mbele ya darasa.

"Baba Mariana!" aliita. "Amka, njoo hapa. Mtoto wako ananipinga!"

Makarius aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka. "Mimi hicho kitabu sijasoma."

"Basi kaa usikilize," walisema wote wawili kwa pamoja, na Pelagia akafungua tena ukurasa wa mia na nne.